Mlozi Uliotoweka Kati ya Jumatano na Jumamosi: Kwa Bi Itidal Shakhshir

"Mlozi unaonekana nje ya dirisha wakati mama anamimina kahawa, kufumba na kufumbua, haupo. Inaelekea Wapalestina wamepata kamera kabla hawajapata mtu wa kutazama kilicho mbele ya kamera."

Maneno hayo yalichapishwa miaka kumi na minne iliyopita katika jarida la tamasha moja la filamu huko Ulaya. Aliyeyaandika ni mhakiki mwenye jina kubwa, nami sitamtaja, kwa sababu hafla hii si yake. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: alikosea. Mtu wa kutazama alikuwepo. Anaitwa Itidal Shakhshir. Alianza kazi katika kituo chetu cha filamu hapa Nablus tarehe 3 Septemba 1994, na anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Juni 2019, baada ya miaka ishirini na mitano kasoro miezi miwili. Muda wote huo alikuwa mtunza mwendelezo wa filamu zetu, na kama yupo mtu duniani ambaye mti hauwezi kuondoka mbele ya macho yake bila yeye kujua, basi ni yeye.

Kwa ambao hawajawahi kukaa nyuma ya kamera, kazi hiyo ni hivi. Filamu haipigwi kwa mpangilio mnaouona ukumbini. Mtu anafungua mlango Jumatatu. Sebule anayoingia inapigwa Alhamisi, katika nyumba nyingine, huku yeye ameshapata mafua. Lazima awepo mmoja anayekumbuka kwamba alipofungua mlango mfuko ulikuwa mkono wa kushoto, kola imekunjika upande mmoja, na chai mezani ilikuwa nusu glasi. Asipokuwepo mtu huyo, filamu inageuka kuwa ushahidi wa mwongo: kila ukimuuliza upya, shati lina rangi nyingine.

Bi Itidal hakusomea kazi hii popote. Alikuwa fundi wa magauni ya arusi, ana duka dogo karibu na viwanda vya zamani vya sabuni, na jicho lake lilifundishwa na mabibi arusi, ambao ni watu wasiosamehe. Mwaka 1994 tulionyesha filamu yetu ya kwanza, naye akaja kwa sababu dada yake alikuwa na tiketi ya ziada. Filamu ilipoisha, mwongozaji wetu Wasfi Daraghmeh akasimama mbele, akakaribisha maswali. Watu waliuliza habari za nchi na ukombozi. Kisha mwanamke mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono.

"Bwana, mimi nina swali dogo tu. Yule shemeji yao aliingia ghalani vifungo vimefungwa mpaka kooni. Akatoka papo hapo, viwili viko wazi. Alikuwa anafanya nini humo ndani?"

Ukumbi uliangua kicheko, na yule mwigizaji, aliyekuwa amekuja na mkewe, alikuwa na kazi nzito ya kujieleza jioni ile. Wasfi peke yake hakucheka. Kesho yake asubuhi alikwenda dukani, akamkuta Bi Itidal ana pini mdomoni.

"Njoo ufanye kazi na sisi."

"Kazi gani?"

"Hiyohiyo uliyonifanyia jana. Ila safari hii uifanye kabla watu hawajakaa ukumbini."

Akazitema pini mkononi, akamwambia asubiri, kwanza amalize gauni. Alilimaliza siku ya tatu. Siku ya nne alikuja na daftari la mistari, penseli mbili, na kamera ya picha za papo hapo aliyoazima kwa binamu yake. Daftari hilo lilikuwa la kwanza. Leo yako arobaini na moja, yamepangwa kwenye kabati la chuma la ghorofa ya pili, na hakuna hata moja lenye ukurasa uliochanwa.

Watu wa Nablus mnajijua. Sahani ya kunafa, ile halua yetu ya jibini na sukari, ikiachwa mezani bila mlinzi, haina maisha marefu. Katika filamu yetu ya tatu kulikuwa na onyesho la posa: baba wa kijana anakula vijiko vitatu vya kunafa, anaweka kijiko, anataja neno lake. Onyesho lilipigwa siku mbili. Kila tukisimama kupumzika, vijiko vitatu vinakuwa saba, kisha sahani inakuwa tupu, na mafundi wetu wa taa wana sukari kwenye masharubu. Bi Itidal hakugombana na mtu. Aliandika karatasi, akaisimamisha kando ya sahani mpya: "Nimeangusha pini moja humu. Bado naitafuta." Sahani ile ilidumu hadi siku ya pili jioni. Fundi mkuu wa taa, Abu Sakhr, ambaye leo ameketi meza ya tatu na anajifanya hasikii, anakiri kwamba tangu wakati huo hutafuna kunafa polepole.

Na Ramzi je? Ramzi alikuwa bwana harusi katika filamu yetu ya tano. Alikwenda Jenin kumwona mama yake siku moja, akarudi baada ya siku nne, kwa sababu njia ilifungwa na askari wakawaweka watu pembeni mwa barabara kwenye jua la Juni. Alitoka mweupe, akarudi uso mwekundu kama nyanya, ngozi inabanduka puani. Katika hadithi ile alikuwa ametoka chumba kimoja kuingia kingine. Bi Itidal alimlaza chali kwenye kochi la ofisi, akampaka mtindi uso mzima.

"Dada Itidal," akalalamika Ramzi, "mimi ni bwana harusi au ni chakula cha mchana?"

"Leo ni chakula cha mchana. Kesho jioni utakuwa bwana harusi. Nyamaza, unaupasua."

Tulicheka, na bado tunacheka. Lakini nawaomba mlitazame jambo lenyewe kidogo. Katika nchi nyingine mtunza mwendelezo anahangaika na waigizaji wanaonyoa ndevu kwa kusahau. Huyu wetu alihangaika na barabara zinazofungwa bila taarifa, waigizaji wanaonyimwa vibali, maji yanayokatwa katikati ya onyesho la kuosha vyombo, na nyumba tulizoazima Jumapili tukazikuta Ijumaa zimewekewa alama ya kubomolewa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha cha jana kipo leo. Jeshi zima lilikuwa na kazi ya kuhakikisha hakipo. Walikuwa na matingatinga; yeye alikuwa na penseli mbili.

Ndiyo maana napandwa na hasira ninaposoma wataalamu wa mbali wakijadili jinsi sinema inavyoonyesha maisha yetu. Wako wa aina mbili, na wote nimewachoka. Wa kwanza wanasema tunalia mno: tupeni maisha ya kawaida, wanatuambia, tupeni mapenzi na vichekesho, kana kwamba mapenzi yetu yanaishi nchi nyingine na sisi tunaishi hapa. Wa pili wanasema hatulii vya kutosha. Mmoja wao, mfadhili, alikuja mwaka 2009 kutazama vipande vya filamu yetu ya harusi. Akaketi na miwani yake juu ya paji la uso, akauliza: "Mbona hakuna askari katika filamu hii? Mtazamaji wangu atajuaje kwamba yuko Palestina?"

Bi Itidal alitoka, akarudi na chupa ya jamu. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu, na juu yake kibandiko chenye mwandiko wake: njia ya mlimani, nyuma ya machimbo.

"Umeviona viatu vya bwana harusi?" alimuuliza.

"Viatu gani?"

"Suti imepigwa pasi, viatu vina vumbi mpaka kifundoni. Barabara kuu ya kwao imefungwa; kuja kumchukua mke wake anazunguka mlimani kwa miguu. Kila tukirudia kipande, nampaka vumbi hili, kijiko kimoja kila mguu. Mama mkwe anavitazama vile viatu, hasemi kitu, anamletea taulo lenye maji. Mtazamaji wako akishindwa kumwona askari hapo, hata ukimletea kifaru sebuleni atauliza kimeegeshwa na nani."

Yule bwana aliandika kitu kwenye kitabu chake. Hakutufadhili. Filamu tukaimaliza kwa taabu, lakini chupa ile ipo, na nyingine kumi na sita ziko pembeni yake, kila moja na vumbi la njia yake. Vijana wanaosomea filamu hapa kituoni wanapouliza uonevu unaonyeshwaje bila kuhubiri, nawaambia wapande ghorofa ya pili wakatazame chupa za Bi Itidal.

Sasa nirudi kwenye mlozi.

Machi 2004 tulikuwa tukipiga filamu ya Wasfi iitwayo "Aliyerudi Jumanne". Ni hadithi ya mama ambaye mwanawe anatoka gerezani baada ya miaka tisa. Tulipata nyumba katika kijiji cha Beit Suwwan, kwa Umm Fakhri, mjane mwenye jiko dogo na dirisha linalotazama uani. Uani palikuwa na kisima, na kando yake mlozi. Onyesho la ishirini na mbili lilikuwa moyo wa filamu nzima: mama anamimina kahawa dirishani, anasikia mlango wa nje, mwana anaingia nyuma yake. Jumatano tarehe 24 tulipiga nusu ya kwanza, mama na kahawa na mlozi nje. Mwanga ukatuacha kabla ya nusu ya pili.

Msimu ule mlozi ulikuwa na lozi mbichi, zile za kijani zenye manyoya laini, na kila mtu alikuwa na chumvi mfukoni ya kuzilia. Mnacheka kwa sababu mngefanya hivyohivyo. Kufikia saa nne asubuhi matawi ya upande wa dirishani yalikuwa yameanza kuwa mepesi, na Bi Itidal akawa mkali.

"Nani amekula tawi langu?"

Mashavu yote yamejaa.

"Sawa. Nafunga uzi mwekundu kwenye matawi matatu. Haya ni ya kamera. Mengine ni ya Umm Fakhri, mkamwombe mwenyewe. Atakayegusa penye uzi, jina lake halitatokea mwisho wa filamu, hata akiwa Wasfi."

Akafunga. Alhamisi njia ya Beit Suwwan ilifungwa. Ijumaa matingatinga yalikuja kupanua barabara ya walowezi, yakachukua sehemu ya ua wa Umm Fakhri na miti kumi na mmoja. Jumamosi tulipofika, mlozi ulikuwa haupo. Palikuwa na shimo, na waya mpya, na Umm Fakhri amekaa kizingitini hataki kusalimiana na mtu.

Wasfi alisema turudi nyumbani. Hakuna filamu, alisema, onyesho limekufa. Mpiga picha akasema tugeuze kamera, tupige ukutani, dirisha lisionekane kabisa. Mwigizaji aliyekuwa mama, Bi Hanan Tuqan, Mungu amrehemu, alikuwa ameshavaa kitambaa chake cha kichwa. Ndipo Bi Itidal akafungua daftari, akauliza swali ambalo nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika kituo hiki.

"Huyu mama wa kwenye hadithi, yeye anajua kwamba mti umeng'olewa? Niambieni, ili niandike."

Wasfi akamtazama. Kisha Wasfi akasema: "Anajua. Andika kwamba anajua. Tunapiga hivihivi."

Bi Hanan akasimama dirishani, akashika dele la kahawa. Alipotazama nje, mkono ukasimama. Hilo halikuwa kwenye maandishi. Alisimama kwa pumzi tatu, kahawa haimiminiki, kisha akaendelea, na mwana akaingia nyuma yake, na yeye akageuka akiwa na uso ambao sijawahi kuuona tena kwenye filamu yoyote: mama aliyerudishiwa kimoja na kunyang'anywa kingine asubuhi hiyohiyo, asiyejua aanze kulia kwa kipi. Kipande kile hatukukirudia, kilipigwa mara moja tu.

Kwenye daftari la kumi na nne, ukurasa wa sitini na moja, mwandiko wa Bi Itidal unasema hivi: "Jumamosi 27 Machi 2004. Onyesho la 22, nusu ya pili. Kikombe cha tatu, kishikio upande wa kulia. Kitambaa: pindo nyuma ya sikio la kushoto. Mlozi: haupo. Mama anajua. Uzi mwekundu nimeuokota kwenye tope, nimeubandika hapa." Na uzi upo, umefifia, na tope lake.

Huo ndio ule uzembe alioutangazia ulimwengu mheshimiwa mhakiki. Aliona mti upo, akaona mti haupo, na kati ya mambo yote yanayoweza kuuondoa mti Palestina, akili yake ilifikia moja tu: uzembe wa Wapalestina. Pumzi tatu za Bi Hanan zilikuwa mbele ya pua yake na hakuzihesabu. Amesoma vitabu vingi kuhusu sinema, sina shaka. Nami nimevisoma. Hakuna hata kimoja kilichomkataza kuuliza.

Jarida lilipotufikia, baadhi yetu tuliandika jibu la kurasa tisa. Bi Itidal alilisoma lote, akasahihisha tarehe moja, akalitia kwenye droo yake.

"Halitumwi," alisema.

"Kwa nini, dada? Amekutukana wewe."

"Nikianza kujieleza nitafanana na mtu anayeomba radhi. Daftari lipo. Anayetaka kujua, aje asome."

Kwa miaka kumi na minne hakuja mtu. Maneno ya yule bwana yalinukuliwa katika vitabu viwili vya kufundishia, kama mfano wa kosa. Wanafunzi wa nchi za mbali wanajifunza jina la filamu yetu kwa sababu hiyo. Na Bi Itidal, fundi wa magauni ambaye hajawahi kuacha uzi ukining'inia, aliendelea kuja kazini saa mbili kasoro robo kila asubuhi, akitunza vijiko na kola na vumbi, huku akijua kwamba mbele ya ulimwengu yeye ndiye mwanamke aliyepoteza mti.

Mwezi wa Aprili mwaka huu ilikuja barua. Maabara moja ya Ulaya imejitolea kuisafisha "Aliyerudi Jumanne" ili tuionyeshe upya vuli hii, kituo kikitimiza miaka ishirini na mitano. Tuliwashukuru, na bado tunawashukuru. Mikwaruzo imeondoka, sauti imefunguka. Lakini barua ilikuwa na mstari wa mwisho: "Kwa heshima ya kituo chenu, tumelirekebisha pia lile kosa dogo la mwendelezo." Wakaambatanisha sekunde arobaini za mfano. Bi Hanan anamimina kahawa, mwana anaingia, na nje ya dirisha, katika nusu zote mbili, kuna mlozi unaopepea.

Mwenyekiti wa bodi yetu, Dkt. Sufyan Anabtawi, alifurahi, na furaha yake ilitoka moyoni. Alisema mbele ya wafanyakazi: "Hii ndiyo iwe zawadi yake ya kustaafu. Tumsafishie jina. Aondoke hana doa." Wengine wakapiga makofi. Kura ya bodi itapigwa Jumanne, tarehe 2 Julai.

Sitawaficha: Bi Itidal alishawishika. Alizitazama zile sekunde arobaini mara kumi na moja, peke yake, mlango wazi. Tulimhesabia kutoka korido. Mwishowe akasema, "Ni mzuri. Miaka yote hii nikifumba macho naliona lile pengo. Sasa naona majani." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi. Kisha akasema, "Lakini mti si wangu. Twende tukamuulize mwenyewe."

Umm Fakhri sasa ana miaka themanini na minne. Jiko ni lilelile, dirisha ni lilelile, na nje kuna waya, na baada ya waya, barabara ambayo yeye haruhusiwi kupita. Alitukaribisha kwa kahawa na lawama za kutomtembelea. Bi Itidal akamwonyesha simu.

"Mti wa nani huu?" aliuliza Umm Fakhri.

"Wako, Hajjati. Wamekurudishia."

"Wangu?" Akaisogeza simu mbali na macho, kisha karibu. "Wangu ulikuwa umekiegemea kisima kama mlevi anayesindikizwa. Huu umesimama kama askari. Na matawi haya kayanyoosha nani?"

"Kompyuta, Hajjati."

"Kompyuta imeniomba ruhusa?"

"Hapana."

"Basi ung'oeni. Nimeshapata wageni wa kutosha waliopandwa uani kwangu bila kuniuliza. Sitaki na huyu."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika, na yeye mwenyewe alicheka zaidi yetu. Kisha akainuka, akachukua beseni la maji aliyosafishia vikombe, akalirusha dirishani kwa mkono mmoja. Maji yakapiga waya, yakatiririka chini. Hakuna kilichoota pale. Bi Itidal akamuuliza anamwagilia nini.

"Nilikuwa naumwagilia hivyo tangu nilipoletwa nyumba hii bibi arusi. Nikiacha, nitasahau ulikuwa wapi hasa."

Tuliporudi kituoni Bi Itidal alipanda ghorofa ya pili, akatoa daftari la kumi na nne, na akatoa hukumu, si ya mwanasiasa wala ya mwenye uchungu, bali ya mtunza mwendelezo. Alisema: "Hanan alisimama pumzi tatu. Ukirudisha mti, anatazama nini? Hapo ndipo kosa linapoanza."

Siku hiyohiyo aliiandikia bodi barua ya sentensi mbili. Ninayo nakala: "Kosa mnalotaka kulirekebisha halikuwa langu. Tafadhali msilifanye kuwa langu."

Na bodi ilijibu nini? Katika kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba barua imepokelewa, na kwamba "Bi Itidal ni mnyenyekevu kama kawaida yake." Mnyenyekevu! Mwanamke aliyemtishia Wasfi Daraghmeh kumfuta jina kwenye filamu yake mwenyewe! Hakuwa mnyenyekevu. Alikuwa anawakataza.

Bi Itidal, kituo hiki hakina namna ya kukulipa. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kuipenda nchi yake kwa kukumbuka pindo la kitambaa lilikuwa nyuma ya sikio gani. Vijana watatu uliowafundisha wataendelea na daftari la arobaini na mbili, na Abu Sakhr ameapa kuilinda kunafa. Asante kwa kila kola, kila glasi ya nusu, kila kijiko cha vumbi. Nenda ukapumzike. Dada yako anasema cherehani yako bado inafanya kazi. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi ambazo kila ulichokiacha jana utakikuta mahali pake.

Na sasa ninyi saba wa bodi, mlioketi meza ya mbele mkiwa na nakala ya hotuba hii mikononi. Najua nia yenu ni njema. Waling'oa mti mara moja, Ijumaa, kwa tingatinga, na kote Palestina na nje yake filamu yetu ndiyo mahali pekee panapoonyesha kwamba Jumatano ulikuwepo na Jumamosi haukuwepo. Mkikubali zawadi ile, mtakuwa mmewamalizia kazi: hakuna mti, na hakuna aliyeung'oa. Daftari la kumi na nne liko juu ya meza karibu na mlango, limefunguliwa ukurasa wa sitini na moja. Kabla hamjachukua soda wala keki, Dkt. Sufyan ukiwa wa kwanza, nendeni mkasome mistari ile mitano na muuguse uzi. Kisha Jumanne pigeni kura ya hapana, nyote saba, na muwaandikie wale wa maabara kwamba mlozi wa Umm Fakhri haupo, na mama anajua.